Siku 6 Mombasa, nikilifuata chungwa la Muheza

Nimerudi Tanga wiki mbili zilizopita. Haya nayaandika kutoka kwenye madaftari mawili, picha za simu, na sauti fupifupi nilizojirekodi usiku kabla ya kulala.

Nafundisha sosholojia ya uchumi katika chuo kimoja hapa mjini. Miaka 4 sasa nawaeleza wanafunzi kwamba soko limesimama juu ya mahusiano ya watu, na mifano yangu yote inatoka mbali: Moroko, New York, Accra. Muhula uliopita binti mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, machungwa ya Muheza yanakwenda Mombasa kila msimu. Yule anayeyapokea kule na huyu anayeyatuma huku, nani anamwamini nani?" Sikuwa na jibu. Julai ilipofika nikafungasha.

Niliamua kwenda na kisa kimoja tu. Ndiyo maana ya uchunguzi kifani: unashika kitu kimoja, unakifuata mkono kwa mkono, na kila mkono unauliza umepokea kutoka kwa nani na kwa masharti gani. Madodoso 300 yangenipa asilimia. Mimi nilitaka kujua mtu anayempa mwenzake mzigo bila fedha analalaje usingizi usiku ule.

Jumatatu 14 Julai: Tanga, Horohoro, Likoni

Gari la Horohoro nililipata stendi ya Kange saa 1 asubuhi, nauli Sh 5,000 za kwetu. Lami mwanzo mwisho, mpaka mpakani sina la kusimulia.

Pale mpakani ndipo safari ilipoanza kweli. Malori yalikuwa yamejipanga, na moja, Fuso la rangi ya samawati, lilikuwa limesheheni machungwa yaliyofunikwa majani ya migomba. Utingo wake alikuwa amekaa kivulini anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka refu bila kukatika. Nikamsalimu, nikamuuliza mali ya nani.

"Ya mkulima bado," akaniambia. "Bosi amempa nusu. Nusu atapata gari likirudi."

Nikaandika sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Nilikuwa nadhani mkopo unaanzia Mombasa, kwa wachuuzi wadogo wa soko la Kongowea, lakini mkopeshaji wa kwanza kabisa ni mkulima wa Muheza, anayeacha miti yake ichumwe na kubaki na nusu ya bei na jina la mtu. Pwani tuna neno la jambo hili tangu zama za babu zetu: mali kauli. Mali inakwenda, kinachobaki ni kauli.

Kwa atakayepita njia hii: kituo ni cha pamoja, ukitoka Tanzania unamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Lungalunga. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, mimi niliombwa vyote viwili. Shilingi 1 ya Kenya ilikuwa karibu Sh 20 zetu. Badilisha ya nauli tu pale, nyingine ukabadilishe mjini. Na kama unakwenda kukusanya data za tasnifu, omba mapema kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa ruhusa za utafiti, kabla hujatoka nyumbani. Mimi nilikwenda kujifunza, nikamwambia hivyo kila niliyezungumza naye, na majina ya watu sikuyaandika hata kwenye daftari.

Matatu ya Likoni ilikaa saa 2 kungoja ijae, nauli Sh 450 za Kenya. Tukiwa tumeipita Msambweni kidogo tukapata pancha, na spea ikakutwa haina upepo. Dereva akaondoka na tairi kwa bodaboda. Tulikaa chini ya mwembe wa nyumba moja ya kando ya barabara, na mama mwenye nyumba, bila kuulizwa, akatoa jamvi, kisha maji, kisha sinia la mihogo ya kuchemsha na pilipili. Tulikuwa watu 11. Nilipotaka kumwachia chochote akanifumba kiganja: "Wewe nenda, mwanangu. Kesho ni mimi njiani."

Likoni tulifika jua limeshazama. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu. Shuka kwenye matatu, ingia na umati, shika begi lako kifuani. Ng'ambo nikachukua tuktuk mpaka Kibokoni, alitaka 250 tukamalizana 150.

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Kibokoni tangu aolewe. Nilimkuta ameniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta aliacha kula kwanza.

"Wataka kuuliza watu madeni yao? Deni ni sitiri, mwanangu. Atakayekwambia, jua amekuvulia kitu."

Usiku ule niliyafuta maswali yangu karibu yote.

Jumanne 15 Julai: Kongowea

Saa 10 alfajiri binamu yangu, mwana wa shangazi, aliniamsha. Yeye ni dereva wa tuktuk na ndiye aliyeniambia kwamba ukifika Kongowea saa 1 umekuta makombo. Tulivuka daraja la Nyali giza likiwa bado zito, na kabla hatujaliona soko tulilisikia: honi, mikokoteni, na watu wanaosema "Kando! Kando!"

Kongowea ndilo soko kuu la jumla la Mombasa. Vitunguu, viazi, nyanya, ndizi, kila kimoja na upande wake. Machungwa yalikuwa yamemwagwa juu ya maturubai, na pembeni, tayari limeshashushwa nusu, lilikuwa Fuso langu la samawati. Nilifurahi kama niliyemwona jirani.

Nilitaka kuona hesabu, nikasimama karibu. Kijana wa kuhesabu anachota 2 kwa mkono wa kulia na 3 kwa wa kushoto, anayatupa kwenye gunia kwa mpigo mmoja, huku akiimba: "Moja hiyo... mbili hiyo..." Kila moja yake ni machungwa 5. Akifika 20, analiweka chungwa moja kando juu ya kigunia. Wanaliita shahidi. Mashahidi wakiwa 6, ni mia 6. Mnunuzi hashiki kalamu wala mwuzaji hashiki kalamu. Wote wawili wanatazama wale mashahidi. Baadaye yanaongezwa 2 kwa kila mia, nyongeza ya yatakayooza. Hakuna aliyeiomba nyongeza, nayo haikusahauliwa.

Nikamwendea dalali. Ni mtu mzima, kofia ya vito, shuka la kikoi, simu 2 mkononi. Nikamwamkia, nikajitambulisha: mwalimu, chuo fulani, Tanga. Akaitikia "Marahaba," kisha akanitazama.

"Wewe ni wa nani?"

Nikarudia jina langu na chuo changu. Akageukia simu yake. Nilibaki nimesimama pale na daftari langu kama robo saa, na mtu hanitazami. Binamu alipokuja kutoka kuegesha tuktuk ndipo akasema, "Ni wa kwetu, Mzee. Mtoto wa ndugu yake mama. Kibokoni, pale nyumba ya mlango wa buluu." Uso ukabadilika pale pale.

"Sasa ndo useme! Ndoo ukae hapa. Letani chai."

Nilikunywa chai ile (Sh 30, mahamri 10 kila moja, sahani ya mbaazi 50, yeye ndiye aliyelipa) na nilimsikiliza mpaka jua likatoka. Kazi yake ni kuuza mali ya mwenye lori na kukata ujira wake kwa kila mia. Asubuhi ile karibu nusu ya mzigo ulitoka mali kauli: wachuuzi walichukua sasa, watalipa kesho kutwa watakaporudi kuchukua mwingine. Nikamuuliza anajuaje nani wa kumpa.

"Mimi sikopeshi mtu, nakopesha mlango. Mtu huenda. Mlango upo."

Nilimwuliza afafanue, naye akafafanua kwa subira kama anayemfundisha mtoto. Akija mwanamke asiyemjua, humwuliza anakaa wapi, nyumba ya nani, mumewe anasali msikiti gani au anakwenda kanisa gani, na nani sokoni humu anayelijua jina la mamake. Akipata watu 2 wa kumsemea, humpa mia 1. Akilipa, mia 2. Hapigi hesabu ya mali aliyonayo. Anatafuta tu pa kubisha hodi siku mambo yakiharibika, na watu ambao mkopaji ataona haya mbele yao.

Darasani nina mfano mmoja ninaoupenda sana, wa Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechunguza soko la Sefrou huko Moroko. Alieleza kwamba katika soko kama lile habari ni adimu: hujui bei ya kweli, hujui ubora, kwa hiyo watu hung'ang'ania mwuzaji mmoja waliyemzoea na kubishana naye bei miaka nenda miaka rudi. Nilikwenda Kongowea na mfano huo kichwani, na Kongowea ikanirekebisha. Habari ya bei si adimu tena. Dalali alijua saa 9 usiku machungwa yanauzwaje Muheza, na mchuuzi mwenye simu ya kubonyeza naye alijua. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na fedha kutoka Mombasa hadi Tanga sasa inafika kabla chai haijapoa. Pamoja na hayo mali kauli ipo pale pale, kwa sababu kilichokuwa adimu, na bado ni adimu, ni kumjua mtu. Nilipoandika hivyo nilipiga mstari chini yake mara 2.

Asubuhi hiyo hiyo nilikutana na watu wawili waliobaki nami hadi leo. Wa kwanza ni mama wa machungwa. Alikuja saa 12 kasoro, buibui limefungwa kiunoni, akachukua mia 6 kwa Sh 6 kila moja, jumla 3,600, na hakutoa senti. Dalali hakumwuliza kitu. Alipokubali nimfuate, niliona nimepata kisa changu.

Wa pili ni hamali aliyempakilia. Kijana wa miaka 20 na kitu, mkokoteni si wake, anaukodi Sh 100 kwa siku. Ana miaka 3 sokoni. Nilimwuliza kwa nini naye asichukue machungwa mia mali kauli akajaribu, maana nguvu anayo na soko analijua kuliko wengi. Akacheka kidogo, akaangalia chini.

"Nalala hapa hapa sokoni, dada. Mlango wangu ni upi?"

Kwa atakayekwenda Kongowea: matatu kutoka Barabara ya Digo ni Sh 50, viatu vya kufunika vidole ni lazima, na usipige picha kabla ya kuomba. Nilimwona mgeni mmoja akifokewa kwa hilo, na wafokaji walikuwa na haki.

Jumatano 16 Julai: daftari

Asubuhi ilipotea kwa mvua ya mchoo na kichwa kuniuma. Shangazi akanichemshia tangawizi.

Mchana nikamfuata mama wa machungwa kwenye kimeza chake, si mbali na Marikiti. Jengo la Marikiti ni la mwaka 1914 na jina lake la kiserikali lilikuwa Mackinnon, ila sijamsikia mtu hata mmoja akilitumia. Ndani ni viungo, bizari, mdalasini. Nje, pande zote, ni meza za kina mama kama huyu.

Tulipiga hesabu pamoja, na naiweka hapa kama alivyoniruhusu. Alichukua 600, na nyongeza 12. Rejareja anauza 10; katika siku 2 huuza kama 350, hiyo ni 3,500. Wauza juisi wawili huchukua 200 kwa bei ya 8, hiyo ni 1,600. Yanayobaki yanaoza, yanaliwa na wajukuu, au yanapewa wapita njia wanaoomba. Jumla 5,100. Toa 3,600 za dalali, toa 100 za hamali na 300 za tuktuk. Inabaki 1,100, yaani 550 kwa siku, na hapo hajala wala hajalipa ushuru wa soko.

Kisha akaniuliza kama nataka kuona daftari. Nilikuwa sijamwomba. Nilikumbuka maneno ya shangazi, nikafuta mikono yangu kwanza.

Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada la buluu lililolainika kama kitambaa, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye waya wa pembeni. Hakuna jina kamili hata moja. Kuna "juisi mrefu", "mama pacha Mwembe Tayari", "mke wa fundi cherehani", "nyumba ya ngazi 3". Kila jina na tarakimu zake zikishuka chini. Aliyelipa anakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Aliyelipa nusu anakatwa nusu ya mstari, ukaishia katikati ya tarakimu. Kurasa za Ramadhani zilikuwa zimejaa hadi pembezoni, kwa sababu, alisema, mwezi ule kila nyumba hutaka futari na si kila nyumba ina fedha. Ukurasa mmoja ulikuwa na jina lililozungushiwa duara, halina mstari.

"Huyu amefariki," akasema. "Namwachia. Lakini simkati, maana hakulipa. Nikimkata nitakuwa nimeandika uongo."

Niliulizia ukurasa wa Mei, uliokuwa karibu mtupu. Akaniambia: lori lilichelewa, masika yalikuwa mengi, mia 6 nzima zikaoza mikononi mwake. Deni la 3,600 likabaki. Dalali alingoja wiki 3 na akaendelea kumpa mzigo. Nikadhani ni huruma. Akanisahihisha: dada yake dalali yumo kwenye chama chake, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, na dalali alijua siku ya zamu ya mama. "Zile wiki 3 hakuwa anangoja mimi. Alikuwa anangoja chama."

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoeneza duniani neno la sekta isiyo rasmi, ambalo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa amelitumia akieleza maisha ya wahamiaji wa Accra. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu iliwafanya wapangaji wa uchumi wakiri kwamba watu hawa wanafanya kazi. Lakini neno lenyewe linanikera zaidi tangu nilione daftari lile. Daftari lina kanuni ya kukata, ya nusu mstari, ya marehemu. Mimi sijui urasmi gani zaidi ya huo unaotakiwa.

Alhamisi 17 Julai: chama

Kwetu Tanga tunaita mchezo au upatu. Hapa ni chama. Wanawake 12, Sh 500 kila Alhamisi, 6,000 anapewa mmoja. Walinikubalia nikae nao kwa sababu ya shangazi, na kwa masharti kwamba na mimi nichangie chai.

Kikao kilikuwa kwenye baraza ya nyumba moja Majengo, mikeka imetandikwa, viazi karai na bajia katikati. Fedha zilihesabiwa kwa sauti mara 3 na watu 3 tofauti. Aliyechelewa alitozwa 50. Mgeni wa chama huwekwa mwisho wa foleni, kwa sababu anayepata zamu mapema anakuwa na deni kwa wote waliobaki, na deni hilo hapewi mtu ambaye bado hajaonekana.

Mwezi Mei mama wa machungwa alikuwa wa 9. Aliyekuwa wa 5 akampisha. Nilimwuliza huyo wa 5, mbele yake, kwa nini. Akasema mwaka juzi alipofiwa na mumewe, mama wa machungwa alikaa jikoni kwake siku 3 za matanga akipika, hakwenda sokoni. Basi. Hakuna aliyesema kwamba hii ni malipo ya ile, na nilipolisema mimi kwa namna ya swali kulikuwa na ukimya, nikajua nimekosea. Ikabidi niombe radhi. Mwenye nyumba akaniwekea kiazi kingine kwenye kisahani, mazungumzo yakaendelea.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1985 kwamba matendo ya kiuchumi yamezama ndani ya mahusiano ya kijamii. Darasani nalieleza hilo kwa mchoro ubaoni. Tangu Alhamisi ile nafikiri nitaanza na viazi karai na ukimya ule.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani nasifu tu. Tukirudi nilimwuliza mama wa machungwa kama hakuna dalali mwenye bei nafuu. Yupo, akasema, upande wa pili wa soko, 5 na nusu badala ya 6. Kwa mia 6 hiyo ni Sh 300 kila safari. Kwa nini hahami?

"Nikimhama leo, kesho mvua ikinyesha nitamwendea nani?"

Mwanasosholojia Brian Uzzi alipochunguza makampuni ya nguo ya New York miaka ya 1990 aliliona jambo hili hili kwa wenye viwanda: uhusiano wa karibu huwasaidia kuvuka matatizo, ila anayefanya biashara na wa karibu peke yao hufungika, hasikii habari mpya, na mwenzake akianguka anaanguka naye. Waliofanya vizuri walichanganya wa karibu na wa mbali. Mama wa machungwa hana uwezo wa kuchanganya. Sh 300 zile ni bima yake, na analipa kila siku 2, na hakuna mahali palipoandikwa.

Jioni nikapita Biashara Street kununua leso, doti Sh 500. Huko nako wachuuzi wa kutembeza huchukua korija, yaani doti 20, mali kauli, na zisizouzika hurudishwa. Nilichagua yenye maandishi ya Mali ya Abdulla pembeni, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza 1887, kwa sababu bibi yangu hakukubali nyingine.

Ijumaa 18 Julai: Mji wa Kale, kisha hamali

Ijumaa saa za swala maduka mengi hufunga; usipange miadi kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Nilitembea bandari ya kale, nikanywa kahawa chungu ya dele na kashata, nikapita Ngome ya Yesu kwa nje tu.

Jioni nikarudi Kongowea kwa ajili ya yule kijana. Nilimkuta anafunga mkokoteni kwa mnyororo. Tulikula wali na maharage, Sh 120 kwa kila mtu, na safari hii nililipa mimi. Akanionyesha simu yake: anakopa humo, 500, wakati mwingine 1,000. Mkopo wa simu haumwulizi mlango. Unaangalia laini imepitisha nini. Hilo ni jambo kubwa kwake na alilisema kwa fahari, kwamba kuna mahali anaaminika. Mwezi Mei, mvua zile zile zilizomwozeshea mama machungwa yake, naye aliugua siku 9. Mkopo ukapita tarehe. Hakukuwa na wa kumngojea wiki 3, wala wa kumpisha zamu. Alipopona kiwango chake kilikuwa kimeshuka hadi sifuri, na kukirudisha kumemchukua mpaka sasa.

Nilimwuliza dalali, kwa simu, kama hawezi kumsemea kijana. Alikaa kimya, halafu akasema, "Nitatazama." Sijui kama nilifanya sawa kuingilia. Mtafiti huambiwa asiguse. Lakini nilikuwa nimekula naye.

Jumamosi 19 Julai: kurudi

Feri saa 12 asubuhi ilikuwa tulivu, matatu haikupata pancha, mpakani dakika 40, Tanga adhuhuri. Kwa siku 6, bila malazi, nilitumia karibu Sh 7,500 za Kenya pamoja na leso na mchango wa chai.

Kabla ya kuondoka nilipita kwenye kimeza kuaga, nikachukua machungwa 8 ya shangazi. Nilikuwa na noti ya 1,000 peke yake, na mama wa machungwa hakuwa na chenji alfajiri ile. Akavuta kalamu kwa uzi wake, akaandika. Nikamwambia nitatuma, akasema hata, utalipa, nenda usije ukaachwa na feri.

Sh 80 kutuma kuvuka mpaka kulionekana si hesabu, nikamwomba shangazi anilipie. Juzi usiku binamu amenitumia picha ya ukurasa. Jina langu halimo, wala Tanga haimo. Imeandikwa "mlango wa buluu, mgeni, 80", na mstari umepita juu yake, umenyooka mpaka mwisho. Chini yake, kwa mwandiko ule ule, kuna mstari mpya: "hamali wa Kongowea, kwa dalali, 50".